Ngozi ya Paja Ilipoolewa Sikioni

Watu husafiri kwa sababu ya matanga, harusi au kesi ya shamba. Mimi nilitoka kwangu Ogwedhi kwa sababu ya tundu. Tundu lenyewe lilikuwa jembamba kama kalamu, upande wa kushoto wa kichwa changu, na lilikuwa limenila miezi minne pamoja na kipande cha paja.

Nianze na hilo, msomaji asije akanikatiza njiani. Mwaka jana sikio langu la kushoto lilianza kutoa maji yenye damu. Nikatia matone ya dukani, nikatia maji ya vitunguu, nikatia na ushauri wa majirani wote. Mwishowe daktari mmoja wa Kisumu, mama mfupi mwenye vidole virefu, alikata kinyama kidogo, kikapimwa, akaniambia ni saratani, tena imeota ndani ya mfereji wa sikio. Akanipasua. Aliondoa saratani pamoja na ngozi yote ya mfereji, akachonga mfupa kidogo ili kuupanua, kisha akachuna ngozi nyembamba kutoka pajani mwangu na kuitandaza mle ndani, kama fundi anayebandika karatasi ukutani.

Mimi kazi yangu ni ngozi. Nimezinunua, nimezitia chumvi na kuziwamba kwa miaka ishirini na sita, na mnada wa Ogwedhi unanijua. Kwa hiyo nilipozinduka, swali langu la kwanza lilikuwa kama ngozi ile ya pajani ilikuwa ya daraja la kwanza. Daktari akanitazama, akasema haikuwa na alama za kupe, ingefaa.

Kisha akanieleza jambo ambalo mtu wa kazi yangu hahitaji kuelezwa: ngozi mbichi isipowambwa hujikunja. Sisi huiwamba kwa mambo, yaani vigingi vya miti. Yeye aliiwamba kwa kizibo laini cha mpira, kilichofinyangwa kwa umbo la sikio langu, chenye tundu katikati ya kupitisha sauti. Nilitakiwa kukivaa usiku na mchana kwa miezi. Kikitoka nisikirudishe mwenyewe, maana ningeweza kuichana ile ngozi changa. Na kikikaa nje siku nzima, mfereji ungejibana na kuziba.

"Na ukiziba?" nilimwuliza.

"Tutakupasua tena. Lakini hiyo sio shida kubwa," akasema. "Hilo tundu ni dirisha langu. Ndimo ninachungulia kuona kama ugonjwa umerudi. Ukilifunga, mimi nitakuwa nakisia tu."

Sentensi hiyo niliirudia kichwani kila usiku nilipolala. Sikupenda kukisiwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, nilikuwa tayari barabarani. Daktari huja kliniki moja ya Homa Bay mara moja kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa Jumatatu saa tatu. Nilibeba begi dogo na ngozi ya mbuzi niliyoilainisha kwa mkono wangu, nyeupe yenye mabaka ya kahawia, zawadi ya kiti cha daktari. Mke wangu, Mama Achieng, alinisindikiza mpaka kwenye pikapu ya jirani iliyokuwa ikipeleka kondoo Migori.

"Ukifika Migori usipande boda bila helmeti," akaniambia. "Hicho kichwa sio chako pekee yako sasa. Unasikia?"

"Nasikia upande mmoja."

"Basi sikia na huo huo."

Saa mbili na nusu, Migori. Mji ulikuwa umevaa nguo za kanisani. Nilimtafuta mwendeshaji boda mwenye helmeti ya abiria, kazi ambayo si rahisi, mpaka nikampata kijana mmoja aitwaye Brayo, mwenye helmeti kubwa ya rangi ya machungwa. Niliivaa kwa utii wote. Akanifikisha salama dukani kwa rafiki yangu Abdi, mfanyabiashara aliyekuja Migori kutoka Garissa zamani hizo, ambaye huniuzia chumvi ya ngozi kwa magunia. Nikashuka, nikaivua helmeti kwa mikono miwili, nikamlipa Brayo, akaondoka kwa kishindo.

Hapo upepo ukaingia sikioni mwangu. Ulikuwa wa baridi, na haukuwa na ruhusa.

Nikapeleka kidole. Hakuna kizibo. Nikageuka kutazama barabara. Hakuna Brayo. Nilikuwa nimevaa helmeti ili kulinda sikio, na helmeti ndiyo iliyoondoka na kizibo chake.

"Abdi," nikasema, "sikio langu limeenda na boda."

Mtu mwingine angecheka. Abdi alifunga rejista, akanikalisha juu ya gunia, akampigia simu mwenyekiti wa kituo cha boda. Simu ya Brayo ilikuwa imezimwa. Mwenyekiti, mtu wa vitendo, akatuma tangazo kwenye kundi lao la simu: limepotea sikio la mzee, jeupe la mpira, atakayeliona alete kwa Abdi wa chumvi. Sijui kwa nini aliandika hivyo. Nadhani alitaka kuokoa maneno.

Waendeshaji boda wa Migori wana moyo, nisiwasingizie. Ndani ya saa moja walikuwa wameleta chuchu ya chupa ya mtoto, mpira wa taa ya karabai, kifuniko cha chupa ya chai, upande mmoja wa vifaa vya kusikilizia muziki na ubani uliotafunwa. Kila mmoja alisimama mbele yangu na kitu chake, akikisogeza karibu na kichwa changu kupima kama kinafanana. Mmoja alileta sikio la kiatu.

"Hii si yako, mzee?"

"Si yangu."

"Jaribu kwanza."

Nilikuwa nikicheka kwa nje, maana watu wale walistahili kicheko. Ndani nilikuwa nahesabu saa. Nilijua ngozi. Ile ya pajani ilikuwa mle ndani gizani, bila mambo, ikianza kujikunja pole pole, na hakuna aliyeiona.

Saa sita kasorobo Brayo mwenyewe alitokea, hajui lolote, amefuata soda. Tukaivamia helmeti. Kizibo kilikuwa kimenasa kwenye sponji.

"Kumbe!" Brayo akasema. "Nimebeba watu watatu nayo. Mama mmoja wa kwaya aliniambia helmeti inamdunga. Nikamwambia avumilie, ni usalama."

Abdi alikichukua kizibo kwa ncha za vidole. Ni mtu msafi kupita kiasi, huosha hata sarafu. Alikichemshia maji, akakitia chumvi, akakisuuza mara tatu, akakifunga kwenye kitambaa kipya. Kisha tukampigia simu muuguzi wa daktari. Akasema kwa Kiswahili chake cha haraka kwamba yeye na daktari wangelala Kisumu, wangefika Homa Bay asubuhi, na kwamba kizibo lazima kirudi leo, sio kesho, tena kwa mkono wa mtu aliyesomea masikio. Mwenye duka la dawa hapo jirani alipoulizwa, aliinua mikono: yeye ni wa vidonge, sio wa matundu.

Nikampigia Mama Achieng. Nikamweleza yote.

"Kuna mama," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Amefanya kliniki ya masikio miaka thelathini kabla astaafu. Na Rangwe si mbali na njia yako."

Nikamwambia hapana. Nikasema hapana mara tatu, ya mwisho kwa sauti ambayo Abdi aliisikia akiwa nyuma ya duka.

Kwa msomaji wa mbali nifafanue. Kwetu Wajaluo mama mkwe, ambaye tunamwita maro, ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Hukai naye sebule moja ukanyoosha miguu. Huli naye. Humwonyeshi mwili wako, wala hulali katika nyumba yake. Anayevunja miiko hii hukaribisha chira, yaani laana ya kukonda na kukauka bila ugonjwa unaojulikana. Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa sijampa mama mkwe wangu mkono. Tulizungumza kupitia mtu wa tatu, na tuliishi vizuri hivyo. Sasa nilitakiwa nimwekee kichwa mbele ya macho yake.

"Baba Achieng," mke wangu akasema, "mimi sitaki kuwa mjane wa heshima."

Nikachukua begi langu.

Saa saba mchana tulitoka Migori kwa Probox ya Abdi. Alidai ana mteja wa chumvi huko Rodi Kopany, njiani. Baadaye niligundua mteja huyo hakuwepo. Alifunga madirisha yote ili vumbi lisiingie sikioni mwangu, na kwa kuwa ngozi ya mbuzi ilikuwa nyuma, jua lilipozidi makali harufu yake iliamka. Tulipopita Awendo Abdi alikuwa akipumulia shati. Tulipofika Rongo alikuwa analia machozi ya kweli.

"Hii zawadi," akaniuliza, "huyo daktari amekukosea nini?"

Nilikuwa nimeinamisha kichwa upande wa kulia, kizibo mkononi ndani ya kitambaa, nikiona mashamba ya miwa yakipita yamelala ubavu. Sikio lilikuwa limeanza kubana. Si maumivu. Ni kama kola ya shati iliyofuliwa ikanywea. Nilimwambia Abdi, naye akaacha utani akaongeza mwendo.

Saa tisa kasoro dakika kumi, Rangwe. Soko lilikuwa tulivu. Boma la wakwe zangu liko nyuma kidogo ya barabara, lina ua wa mitupa na lango la mabati ya buluu. Mkwe haingii moja kwa moja. Nilisimama langoni, Abdi akaingia kupeleka habari, nikabaki nikishika kitambaa changu.

Aliyekuja kunipokea ni Mzee Ogutu, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe. Alikuwa karani katika ofisi ya chifu mpaka alipostaafu, na hajawahi kustaafu rohoni. Mambo ya nyumbani huyasema kwa Kijaluo. Mambo mazito huyasema kwa Kiswahili cha barazani, ili yawe na muhuri.

"Karibu, or," akaniambia, maana or ndiyo mkwe. "Shida yako imepokelewa. Ingia ule."

"Jaduong'," nikasema, yaani mzee mheshimiwa, "sikio linaziba. Naomba maro anisaidie kwanza."

"Mkwe hawezi kutibiwa na njaa katika boma hili. Watu watasema nini?"

Kuku alikuwa bado hajakamatwa. Naomba msomaji akae na sentensi hiyo kidogo. Nilikaa katika sebule ya Mzee Ogutu, ngozi yangu ikijikunja kichwani, nikisikiliza kwa sikio moja watu wazima wakimkimbiza jogoo kuzunguka nyumba. Jogoo alikuwa na mbio. Alipita mlangoni mara mbili, na mara ya pili nikanyoosha mguu nimzuie, nikamkosa. Alikamatwa, akachinjwa na Abdi ili naye aweze kula, akapikwa, na alipofika mezani ilikuwa karibu saa kumi. Niliambiwa nisile haraka, si adabu.

Mama mkwe wangu alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kwa upana wa kiganja. Boma zima humwita Nyar Karachuonyo, yaani binti wa Karachuonyo, kwa kuwa alizaliwa huko. Nilisikia akisafisha vyombo vyake kwenye bakuli la bati. Kisha sauti yake, kavu, ya wodini:

"Ogutu, mwulize mkwe wangu ngozi ilitolewa wapi. Nyuma ya sikio ama mkononi? Nataka kujua ni nyembamba kiasi gani."

Mzee Ogutu akanigeukia. "Anauliza ngozi ilitolewa wapi."

Nilitafuna kwa muda mrefu kuliko nyama ilivyohitaji. Nilifikiria kusema uongo. Lakini mtu wa ngozi hadanganyi asili ya ngozi. Huo ndio wizi pekee tunaouona mbaya Ogwedhi.

"Pajani," nikasema.

Mzee Ogutu aliweka mfupa chini. Chumba cha pili bakuli likanyamaza.

"Pajani wapi?"

"Ndani kidogo."

Aliinuka, akanawa mikono, akaketi tena kwenye kiti chake kikubwa. Nikajua baraza limefunguliwa.

"Jambo ni hili," akasema. "Mama mkwe haruhusiwi kuona paja la mkwe wake. Na paja la huyu mkwe liko ndani ya sikio. Je, akichungulia hilo sikio, atakuwa ameona nini?"

"Ataona sikio," Abdi akajibu.

"Wewe ni mgeni, hujaapishwa."

"Mzee, hata mimi kwetu kuna mambo ya kusitiri mwili. Lakini dharura ni dharura."

"Dharura iko na mipaka yake. Chira haina dharura."

Nikajaribu ushahidi wa kitaalamu. Nikasema ng'ombe akichunwa, ngozi yake ikawambwa juu ya ngoma, hakuna anayesema anapiga ng'ombe. Mzee Ogutu akaliwazia hilo, akiangalia dari. Akasema ni kweli, lakini ngoma ikipasuka mtu hutafuta ngozi ya ng'ombe, hatafuti ngoma ya kukata vipande. Kwa hiyo asili inabaki. Nikaona aibu kushindwa katika fani yangu mwenyewe.

Kutoka nyuma ya mlango Nyar Karachuonyo akasema, "Ngozi ikihama inakuwa ya pale ilipohamia. Imeolewa huko. Hata mimi nilihama."

"Na tunakuita nani?" Mzee Ogutu akauliza kwa upole wa karani aliyepata kosa kwenye fomu. "Miaka arobaini na tano umetupikia hapa. Umezaa hapa. Na bado ni Nyar Karachuonyo. Basi hiyo ngozi pia, hata ikikaa sikioni miaka mia, jina lake ni Nyar Em." Em ni paja. Binti wa Paja. Abdi aligeuka ukutani, mabega yakimtetemeka.

Mimi sikucheka tena. Kile kibano kilikuwa sasa maumivu, yakishuka mpaka tayani. Niliweka ncha ya kidole mlangoni mwa sikio na kuhisi jinsi palivyokuwa pamepungua. Hapo niliogopa kwelikweli. Nilimwona daktari akikisia. Niliona kwamba ningeweza kufa, tena si kwa saratani bali kwa adabu, na kwamba watu wale wema wangenizika vizuri sana na kuku wengi.

"Jaduong'," nikasema, na sauti ikanitoka ndogo, "mimi bado nataka kuishi."

Nadhani hakuna mkwe aliyewahi kusema hivyo katika sebule ile.

"Ogutu," Nyar Karachuonyo akasema nyuma ya mlango. "Nikifa mtanizika wapi?"

"Swali gani hilo! Hapa. Kando ya mume wako."

"Hamtanirudisha Karachuonyo?"

"Haiwezekani. Wewe umeolewa. Maiti ya mke hairudi kwao, hiyo inajulikana."

"Na mkwe wangu akifa leo, hiyo ngozi itatolewa sikioni irudishwe pajani?"

Mzee Ogutu akatazama sikio langu, kisha, samahani, akatazama paja langu.

"Hapana," akakiri. "Itazikwa pale pale."

"Basi hapo ndipo kwao. Ondoa hiyo mifupa ya kuku mezani, uniletee tochi."

Sijawahi kuona kesi ikifungwa hivyo. Mzee Ogutu aliinamisha kichwa kama mtu aliyesoma sheria yake mwenyewe ukurasa wa pili.

Saa kumi na moja kasorobo nililazwa kwenye benchi refu, juu ya ile ngozi ya mbuzi, kwa kuwa Mzee Ogutu hakutaka benchi lake lihusike. Nilifunikwa leso kuanzia utosini mpaka magotini, na upande wa kichwa palikatwa tundu dogo linalotosha sikio tu. Hivyo mama mkwe hakuniona mimi. Aliona sikio lililochomoza kwenye leso yenye methali, na mimi sikuona chochote isipokuwa maua ya kitambaa. Nikasikia viatu vya mpira vikija. Miaka ishirini na mbili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia miguu yake karibu.

Mzee Ogutu alishika tochi. Lakini kwa heshima hakutaka kutazama, kwa hiyo aligeuza uso, na kila alipogeuza uso tochi nayo iligeuka.

"Mwambie Ogutu aangaze hapa, sio kalenda," Nyar Karachuonyo akamwambia Abdi.

Mdomo wake ulikuwa shubiri moja kutoka kichwani mwangu. Hata hivyo kila neno lilizunguka.

"Mwambie mkwe wangu asitikisike."

"Anasema usitikisike," akasema Mzee Ogutu.

"Mwambie sitikisiki."

"Anasema hatikisiki."

"Mwambie pamebana, lakini hapajaziba. Naanza na utambi wa dawa. Atasikia uchungu."

"Anasema utasikia uchungu."

Uchungu nilikuwa nimeshausikia wakati taarifa ikiwa bado njiani. Aliingiza utambi wa kitambaa uliolowa dawa, akaubana pole pole, akasubiri, akautoa, akaingiza mnene zaidi. Alifanya hivyo mara nne. Mikono yake haikuwa na haraka wala mashaka. Mimi nimeona watu wakilainisha ngozi iliyokaushwa vibaya, ngozi ambayo wengi wangeitupa. Hufanya hivyo hivyo, huilowesha, huivuta kidogo, huiachia ipumue. Machozi yalinitoka ndani ya leso, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Mwisho akakipaka kizibo mafuta na kukisukuma. Kikasita. Kikaingia. Ghafla sauti zikarudi upande wa kushoto: mlango ukigonga jiwe lake, tochi ikizimwa na mzee, jogoo mwingine nje aliyenusurika. Na nikasikia, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, Nyar Karachuonyo akisema kwa sauti ndogo kabisa, "Pole, baba. Pole sana."

Alisema kwa sababu alifikiri sisikii. Kumjibu kungemwaibisha. Nilinyamaza kama gogo, na leso ikaendelea kulowa.

Saa kumi na mbili jioni tuliingia Homa Bay. Sikuweza kulala kwa wakwe, hilo hata sikio haliwezi kubadili. Ngozi ya mbuzi ilibaki Rangwe: Mzee Ogutu aliamua kwamba kitu ambacho mkwe amekilalia mbele ya maro hakitoki tena bomani. Abdi alimshukuru kwa uamuzi huo kuliko mtu yeyote. Tulikula samaki wa ngege aliyekaangwa karibu na soko, nikalala kwenye nyumba ya wageni ubavu wa kulia, mkono wa kushoto ukilinda kizibo hadi asubuhi.

Jumatatu saa tatu, kliniki. Daktari alinilaza, akakitoa kizibo, akasogeza darubini yake. Madaktari hawajui kimya chao kinavyopiga kelele. Nilihesabu mbao za dari, zikaisha, nikaanza tena.

"Hii ngozi imeshika vizuri," akasema. "Mfereji uko wazi. Imevimba kidogo pembeni." Akaisogeza tena darubini. "Sioni ugonjwa. Sioni kitu kibaya kabisa, baba."

Nilimwomba aseme mara ya pili. Akasema.

"Lakini hiki kizibo kilitoka jana, umesema. Nani alikirudisha? Huyo ni mtu anajua kazi."

"Mama mkwe wangu."

Aliacha kuandika. Naye ni wa kwetu. "Maro? Alikubali aje?"

"Kesi ilisikilizwa," nikamwambia. "Ndiyo maana pia sina zawadi yako."

Saa nane mchana tulikuwa njiani kurudi, madirisha wazi, Abdi akiimba. Nilikuwa nikifikiria nilichojifunza, kwa sababu mtu akirudi Ogwedhi huulizwa. Miaka yote hiyo niliiona heshima kama ngozi iliyokaushwa tayari: ngumu, haipindiki, ukiilazimisha inavunjika. Kumbe ile iliyo hai huvutika, kama anayeivuta anajua mahali pa kushika. Mzee Ogutu hakuwa adui yangu. Angenilinda na chira mpaka ningekufa salama.

Rangwe nilimwomba Abdi asimame. Sikuingia. Nilisimama langoni kupeleka habari, kama inavyotakiwa. Nyar Karachuonyo alikuwa barazani, hatua kama kumi, na Mzee Ogutu akaja akasimama katikati yetu, tayari kwa kazi yake.

"Mwambie maro daktari hakuona ugonjwa," nikasema.

"Anasema daktari hakuona ugonjwa!"

Mama mkwe akainua mkono kumnyamazisha. Kisha akaziba sikio lake la kulia kwa kiganja, akanitazama. Nikaelewa. Hivyo ndivyo alivyopima wagonjwa maisha yake yote. Nami nikaziba langu la kulia, nikabaki na lile la kushoto tu, lenye binti wa paja ndani yake. Akajifunika mdomo kwa ncha ya leso nisisome midomo, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Wewe ndiye utanizika, sio mimi kukuzika wewe."

Kwetu mkwe hufika mazishi ya mama mkwe na ng'ombe.

"Nitaleta fahali, maro," nikajibu.

"Ngozi yake ubaki nayo."

Mzee Ogutu, ambaye masikio yake nayo yamezeeka, alikuwa ametega kiganja nyuma ya sikio, amejipinda, mdomo wazi, hajapata hata neno moja la kupitisha. Alimtazama shemeji yake, akanitazama mimi, akaja mbio mpaka langoni.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Miaka ishirini na mbili, ni mimi niliyekuwa nikimwuliza yeye.